Kuwahi yai: shajara ya mradi wa nyigu dhidi ya wadudu wa mahindi

Kabla ya kupanda

Mradi huu unataka jambo moja: mayai ya nondo yaliyotagwa kwenye mahindi yatoe nyigu badala ya viwavi. Maadui ni wawili. Wa kwanza ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mzaliwa wa Amerika aliyethibitishwa barani Afrika mwaka 2016, kisha akafika India mwaka 2018 na China mwaka 2019. Wa pili ni funza wa mabua, jina moja linalobeba aina kadhaa za nondo ambao viwavi wao hutoboa bua na kuishi ndani yake, mahali ambapo dawa ya kupuliza haiwafikii.

Nyigu tulioanza nao ni wa jenasi Trichogramma. Mzima wake ana urefu wa nusu milimita au pungufu, na sindano yake ya kutagia haiwezi kupenya ngozi ya mtu. Jike akilipata yai la nondo hulitembelea juu akilipima kwa vipapasio, halafu hulitoboa na kutaga ndani. Mtoto wake hula kilichomo, hugeuka pupa humo humo, na baada ya siku 8 hadi 10 kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, nyigu mzima hutoboa ganda na kutoka. Kiwavi hapati kuzaliwa. Kupe humnyonya ng'ombe na kumwacha hai. Nyigu huyu, tofauti na kupe, hawezi kukua bila kumuua anayemlisha. Wataalamu humwita parasitoidi.

Shajara hii inafuata hatua za ukuaji wa mahindi, si tarehe. Mwenye shamba la majani sita atajua asome wapi, awe amepanda mwezi wowote.

Kila ninapoeleza mradi naulizwa: mnaachia nyigu wangapi? Ni swali la haki, ila linalotangulia ni siku ya kuwaachia. Yai la kiwavijeshi huanguliwa baada ya siku 2 au 3 kukiwa na joto. Trichogramma hulitaka yai likingali changa, kwa sababu kadiri kiwavi anavyojengeka ndani ndivyo mtoto wa nyigu anavyokosa chakula cha kumfaa. Nafasi anayoipata ni ya siku moja, mbili zikizidi. Makundi kwa makundi ya nyigu yakifika mayai yameshaanguliwa, hayana la kufanya shambani. Maamuzi yetu yote, kuanzia chumba cha kulelea hadi namna ya kutundika kadi zinazobeba nyigu, yanatokana na hesabu hiyo.

Chumba cha nondo

Ili kupata nyigu wengi unahitaji mayai mengi ya nondo, na kumfuga kiwavijeshi mwenyewe kwa wingi ni kazi nzito: viwavi wake wakikua hulana, hivyo kila mmoja hutaka chombo chake. Njia inayotumika duniani ni kumfuga nondo mwingine aliye mpole, mla nafaka ya ghalani, ambaye mayai yake nyigu huyakubali. Stanley Flanders alionyesha njia hiyo huko California mwishoni mwa miaka ya 1920 akitumia nondo wa nafaka, Sitotroga cerealella. Ulaya hutumia zaidi nondo wa unga, Ephestia kuehniella. Sisi tunatumia nondo wa mchele, Corcyra cephalonica, ambaye hukubali chenga za nafaka na huvumilia joto.

Utaratibu ni huu. Chenga za mahindi na mtama hupashwa joto kuua wadudu waliomo, hupozwa, humwagwa kwenye beseni pana, na mayai ya nondo hunyunyizwa juu. Viwavi hula wakisuka utando kati ya chenga. Baada ya wiki sita hivi nondo huanza kutoka. Tunawahamishia kwenye ndoo yenye kitako cha wavu mwembamba, wanapandana, na mayai yanadondoka chini kwenye karatasi. Yanakusanywa kila asubuhi na kuchekechwa kuondoa magamba ya mabawa na miguu iliyokatika. Sentimita moja ya ujazo hubeba mayai kati ya 16,000 na 20,000.

Anayefanya kazi hii avae barakoa, bila ubishi. Vumbi la magamba ya nondo huingia mapafuni na huleta mzio unaozidi kadiri mtu anavyoendelea kulivuta. Tumefunga feni ya kutolea hewa na tumeweka ratiba ya zamu ili mtu mmoja asikae humo siku nzima. Nimesoma maelezo mengi ya ufugaji huu yanayolitaja jambo hili kwa mstari mmoja mwishoni, nami naona lilistahili kutajwa kwanza.

Mayai yaliyochekechwa huwekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa dakika 30 hadi 45. Miale hiyo humuua kiwavi mchanga ndani ya yai bila kuharibu chakula kilichomo. Hatua hiyo ikirukwa, mayai ambayo nyigu hawakuyafikia yataangua, na viwavi hao watakula mayai ya jirani zao pamoja na nyigu waliomo. Kisha mayai hubandikwa kwenye kadi kwa gundi ya mti iliyopakwa kwa wepesi, na kadi huingizwa kwenye chupa pamoja na kadi ya wazazi ambayo nyigu wake wanaanza kutoka. Tunatumia kipimo cha kadi moja ya wazazi kwa kadi sita mpya. Nyigu wakizidi mayai, majike wawili watatu hutaga kwenye yai moja, na wanaotoka huwa vijitu vidogo, wengine mabawa yao hayakunjuki, na madume huwa wengi mno.

Suala la madume lina mzizi wake. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa hutoa jike na lisilorutubishwa hutoa dume. Jike asiyepandwa hutaga vizuri tu, lakini watoto wote ni madume. Kwa hiyo chupa yenye wadudu wengi wanaoruka inaweza kuwa chupa ya bure, maana jike ndiye anayetafuta mayai. Tunahesabu jinsia kwa hadubini katika kila kundi: kipapasio cha dume kina nywele ndefu, cha jike kina kirungu kifupi laini.

Wazazi wa kwanza hatukuwaagiza mbali. Tulikusanya mayai ya nondo yaliyokuwa meusi kwenye mahindi ya maotea na tukangoja kilichotoka. Madume tukawatuma kwa wataalamu wa uainishaji, kwa sababu aina za Trichogramma zinafanana mno na hutenganishwa hasa kwa umbo la sehemu za uzazi za dume. Jibu lilikuwa Trichogramma chilonis. Nilipendelea njia hii makusudi. Kuingiza kiumbe kutoka nchi nyingine ili akae porini ni uamuzi usiorudi nyuma, na upo mwongozo wa kimataifa juu yake, ISPM 3 uliofanyiwa marekebisho mwaka 2005, unaodai tathmini ya hatari kabla ya kuachia. Nyigu aliye tayari shambani ameshaizoea hali ya hewa, na wazazi wapya unawapata kila unapowahitaji.

Mgeni asiyealikwa alitokea kwenye beseni la tatu: Habrobracon hebetor, nyigu mkubwa kidogo anayewachoma viwavi wa nondo wa mchele, wakapooza, kisha akawatagia juu ya ngozi. Beseni lote lilitolewa nje na kufunikwa juani, na madirisha yakaongezwa wavu wenye matundu madogo zaidi. Mdudu huyo huyo hulelewa kwa makusudi katika nchi za Sahel na kuachiwa dhidi ya kiwavi wa suke la uwele, na huko ni rafiki mkubwa. Kwetu ametugharimu wiki kadhaa za mayai.

Majani mawili, matatu

Mitego ya feromoni imesimikwa kwenye kona na katikati ya shamba. Harufu yake huwavuta nondo madume peke yao, kwa hiyo mtego hauokoi mmea wowote. Kazi yake ni kutupa habari. Nchini Brazil, wanaotumia Trichogramma pretiosum dhidi ya kiwavijeshi hushauriwa kuanza kuachia nyigu mtego unapofikisha nondo watatu. Tumechukua kipimo hicho hicho.

Kadi ziko kwenye jokofu, nyuzi 10, zikiwa kwenye hatua ya pupa. Wakikaa siku chache hawadhuriki. Wakikaa zaidi ya wiki moja au mbili, wanaotoka hupungua na walio hai huwa wazito kuruka.

Majani manne hadi sita

Nondo wameanza kuingia mtegoni, na mayai ya kwanza yameonekana upande wa chini wa majani. Tumeachia.

Kadi zimekatwa vipande vidogo, kila kipande kikawekwa ndani ya kikombe cha karatasi kilichopinduliwa na kuning'inizwa chini ya jani, kivulini. Trichogramma hasafiri mbali, mita kama kumi hivi kutoka alipotokea, kwa hiyo vituo vinapaswa kuwa vingi na kusambazwa sawasawa. Ulaya, ambako Trichogramma brassicae hutumika dhidi ya funza wa mahindi wa huko, Ostrinia nubilalis, na ambako Ufaransa pekee hufikia zaidi ya hekta 100,000 za mahindi kwa mwaka, vituo 50 kwa hekta ni jambo la kawaida. Tumeweka 50. Kipimo chetu ni nyigu 100,000 kwa hekta kila awamu, kila wiki, mradi nondo wanaendelea kuingia mtegoni.

Kila kikombe kina kadi mbili za umri tofauti, moja ya kutoa nyigu kesho na nyingine baada ya siku tatu nne. Nondo hawatagi wote usiku mmoja, na nyigu mzima ana siku chache tu za kazi. Kadi za umri mmoja zingeacha pengo katikati ya wiki, nasi pengo la siku tatu hatuwezi kulimudu.

Siku iliyofuata vikombe kadhaa vilikuwa vitupu, kadi zimekwanguliwa safi. Sisimizi. Kamba za kuning'inizia sasa zinapakwa grisi, na tunatundika kila kadi kwa zamu yake, jioni ikiwa imebakiza saa chache, kwa sababu nyigu hawa hutoka zaidi asubuhi. Kadi inayokaa shambani kwa muda wa saa kumi na mbili ina nafasi nzuri kuliko inayokaa siku tatu ikingoja.

Mama mwenye shamba alikuja kuangalia. Nilimpa lenzi ya mkononi na mafungu mawili ya mayai ya kiwavijeshi, yote yameingia weusi. Alikaa nayo muda, kisha akasema, "Mwanangu, haya ni meusi kote. Haya mengine kila moja lina nukta." Ndivyo ilivyo hasa. Yai lisilo na nyigu linapokaribia kuanguliwa, kichwa cheusi cha kiwavi huonekana kupitia ganda kama nukta. Yai lenye nyigu ndani huwa jeusi lote, na huanza kugeuka hivyo siku ya tatu au ya nne. Baadaye tofauti huwa wazi zaidi: kiwavi akitoka huacha ganda jeupe lililochanika au hulila kabisa, nyigu akitoka huacha ganda jeusi lenye tundu moja la duara. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetufundishia vijana wanaokagua, na anawafundisha vizuri kuliko mimi.

Mmea umefika magotini

Hapa ndipo mradi umepata mtihani wake, na nitalieleza jambo hili kwa urefu.

Kiwavijeshi hutaga mayai yake kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200, yakipangwa tabaka juu ya tabaka. Akimaliza huyafunika kwa magamba ya kijivu kutoka mwilini mwake. Mafungu mengine ni tabaka moja na magamba haba, mengine ni manene na yamefunikwa kama kwa sufi. Tulipoyakusanya yaliyokuwa karibu na vikombe na kuyaweka kwenye mirija, mgawanyiko ulijitokeza tena na tena. Mafungu membamba: mengi yalikuwa meusi, nyigu wakatoka. Mafungu manene: mayai ya pembeni na ya juu meusi, ya ndani yakatoa viwavi. Magamba humzuia Trichogramma, na hata akipenya, tabaka la chini liko mbali na sindano yake fupi.

Kuongeza nyigu hakusaidii hapo. Tulijaribu kwenye mistari michache kwa kuzidisha kadi, na mafungu manene yalibaki na kiini chake kizima.

Ila kwenye mirija kadhaa ya mafungu manene kulitoka kitu kingine: nyigu weusi wanaong'aa, wenye umbo jembamba kuliko Trichogramma, na yai karibu kila moja katika fungu lilikuwa limetobolewa, hadi ya chini kabisa. Huyu ni Telenomus remus. Anajulikana asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. India ilimpokea kutoka Papua New Guinea mwaka 1963, akapelekwa pia Amerika ya kitropiki, na mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba yuko tayari katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Benin, Niger, Kenya na Afrika Kusini, bila mtu kumwachia huko kwa ajili ya kiwavijeshi. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 100, moja kwa kila yai la nondo, na huingia kati ya magamba na matabaka bila shida.

Kwa kumtazama unaelewa mara moja kwa nini ni bora kwa mdudu huyu. Unaelewa pia kwa nini hakuanza kutumika mapema: hawamfugi kwa nondo wa mchele kwa urahisi wanavyomfuga Trichogramma. Ukimtaka kwa wingi, mara nyingi inakubidi ufuge kiwavijeshi mwenyewe, na hapo unarudi kwenye viwavi wanaolana na vyombo vya kiwavi mmoja mmoja. Tumeanza kwa kiasi kidogo. Viwavi wachanga hukaa pamoja kwenye majani ya mbono, na wakifika umri wa kuanza kulana hutenganishwa, kila mmoja na kikombe chake chenye chakula cha unga wa maharage. Ni kazi ya mikono mitupu. Naiona ina thamani, na sitaiacha.

Kwa sasa uamuzi ni kuwatumia wote wawili: Trichogramma kwa wingi kwenye vituo vyote, Telenomus wachache kwenye sehemu zenye mayai mengi zaidi, ili wajizalishe huko huko shambani kwenye mafungu yajayo.

Moyo wa mmea umejaa majani

Wale viwavi waliotuponyoka sasa wako ndani ya moyo wa mmea. Dalili za mwanzo ni vijidirisha kwenye majani, baadaye matundu makubwa na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao uliolowa. Nyigu wa mayai hawana neno nao tena. Wenye neno ni wengine, na tumewakuta bila kuwaleta.

Kwenye majani ya mimea kadhaa tumeona vifuko vidogo vya hariri nyeupe karibu na kiwavi aliyedhoofika. Hii ni kazi ya nyigu wa jenasi Cotesia. Yeye hutaga ndani ya kiwavi mwenyewe, na pamoja na yai huingiza virusi anavyovirithi kizazi hadi kizazi, ambavyo hulemaza kinga ya kiwavi ili yai lisizingirwe na kuuawa. Upo ushahidi wa jinsi mambo hayo yanavyokwenda kwa undani: Cotesia sesamiae wa pwani ya Kenya hushindwa na funza Busseola fusca, mayai yake hufungiwa na seli za kinga, wakati C. sesamiae wa bara humshinda funza huyo huyo. Ni aina moja ya nyigu, ila si uwezo mmoja. Kwa yeyote anayefikiria kuchukua nyigu eneo moja na kuwapeleka jingine, hilo ni onyo la kutosha.

Ndugu yake, Cotesia flavipes, ndiye mfano ninaoutaja kwa wakulima kila mara. Funza Chilo partellus aliingia Afrika kutoka Asia bila maadui wake. Mwaka 1993 taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE ilimwachia C. flavipes, aliyetoka Pakistani, katika pwani ya Kenya. Nyigu huyo huingia mwenyewe kwenye handaki la funza ndani ya bua, akiongozwa na harufu ya kinyesi cha funza, na hutaga mayai 30 hadi 40 kwa kiwavi mmoja. Alikaa, akaenea, na hakuhitaji mtu wa kumfuga kila msimu. Sisi hatufanyi hivyo. Sisi tunaongeza nguvu kila wiki kwa walio tayari shambani. Ni njia mbili tofauti kabisa, na wenye mashamba wanastahili kuambiwa tofauti hiyo, kwa sababu ya kwetu ikisimamishwa, kinga nayo inapungua.

Mahindi yenyewe husaidia. Kiwavi akitafuna jani, kitu kilichomo kwenye mate yake, kilichotambuliwa mwaka 1997 na kupewa jina la volisitini, huufanya mmea utoe mchanganyiko wa harufu ambao nyigu wa viwavi huufuata. Mwaka huo huo watafiti walionyesha kwamba nyasi Melinis minutiflora zilizopandwa kati ya mahindi humvuta C. sesamiae hata kabla ya funza kushambulia. Tumeacha ukanda wa maua ya porini na nyasi pembeni mwa shamba, kwa sababu nyigu wazima wanahitaji nekta. Jike mwenye chakula cha sukari huishi siku nyingi kuliko mwenye njaa, na kila siku anayoishi ni siku ya kutaga.

Kona moja ya shamba ilishambuliwa kuliko nyingine. Tumeinyunyizia bakteria Bacillus thuringiensis ndani ya moyo wa mmea. Dawa hiyo hudhuru kiwavi anayeila, na haimgusi nyigu wa mayai. Inawaua hata hivyo wale watoto wa Cotesia walio ndani ya viwavi wanaokufa, ndiyo maana hatukuinyunyiza shamba zima.

Mbelewele zinatoka

Jirani wa upande wa upepo anatumia dawa za kemikali. Tulikubaliana tangu kupanda kwamba atatuarifu. Amepiga simu usiku: "Kaka, kesho alfajiri napuliza, na upepo unaelekea kwako." Kadi za wiki hiyo zimebaki kwenye jokofu hadi siku tatu zilipopita. Nyigu aliye ndani ya yai ana kinga fulani ya ganda, lakini mzima akiguswa na dawa nyingi za kawaida, hasa za jamii ya pairethroidi, hufa papo hapo. Simu moja imeokoa kundi zima.

Awamu za kuachia zimekwisha. Mbelewele zikishatoka, moyo wa mmea hauna tena maficho na viwavi wanaosalia huelekea kwenye gunzi, ambako mayai mapya ni machache na hutagwa mahali pengi tofauti.

Ndevu zinakauka

Huu ni wakati wa kupima. Hatupimi kwa kuangalia majani yaliyotoboka, maana mahindi hustahimili sana uharibifu wa majani na huweza kutoa mavuno mazuri licha ya sura mbaya. Kipimo chetu kimekuwa mayai ya mtego: mafungu mapya ya mayai ya kiwavijeshi kutoka chumba cha kulelea, yanabandikwa chini ya majani, yanaachwa usiku na mchana mmoja, yanarudishwa kwenye mirija na kungojewa. Yamewekwa kwenye shamba letu na kwenye shamba lisiloachiwa nyigu, lililo mbali vya kutosha ili wetu wasifike.

Matokeo yanakwenda upande mmoja. Kwetu mayai meusi yalikuwa mengi kila awamu, na yalikuwa mengi zaidi kwenye wiki ambazo kadi zilitundikwa mara tu mtego ulipofikisha kipimo. Kwenye wiki ile ya dawa ya jirani yalishuka waziwazi. Kwenye shamba la kulinganisha nyigu wa asili walikuwepo, wachache, na walianza kuonekana kwa wingi kuelekea mwisho, wakati mmea ulikuwa umeshapita hatua ya hatari. Hilo limenipa uhakika kuliko jambo jingine lolote katika mradi: nyigu wa asili huja, ila huja wakimfuata adui, na kazi yetu ni kuwatanguliza.

Majaribio ya kuruka tunayofanya chumbani yameonyesha pia kwamba makundi yaliyokaa vizazi vingi kwenye mayai ya nondo wa mchele yanalegea. Unaweka kadi chini ya silinda yenye pete ya gundi. Wanaoruka wananaswa juu, wanaotembea wananaswa kwenye pete, walemavu wanabaki chini. Tumeanza kupitisha kila kundi kwenye mayai ya kiwavijeshi baada ya vizazi vichache na kuchanganya wazazi wapya kutoka shambani.

Baada ya kuvuna

Tumepasua mabua, safu kwa safu, kutafuta mahandaki ya funza. Yale ya Chilo ni machache kwetu kuliko kwenye shamba la kulinganisha, jambo linaloingia akilini: Chilo hutaga juu ya jani, peupe, na Trichogramma humwona. Mahandaki ya funza wengine, Busseola na Sesamia, hayakupungua kwa namna ninayoweza kuitetea. Nondo hao hutelezesha mayai yao kati ya ala ya jani na bua, na nyigu wetu hafiki huko. Afrika Magharibi wako Telenomus wa aina nyingine, T. busseolae na T. isis, wanaoyafikia mayai hayo kwa asili, kwa hiyo tumeanza kufunua ala za majani kwenye mahindi ya maotea kutafuta mayai meusi ya namna hiyo hapa kwetu. Tutakayoyapata yatakwenda kwenye mirija, na madume yao kwa wataalamu.

Mabua yenye funza yamekatwakatwa na kufukiwa, isipokuwa yale yenye vifuko vya Cotesia, ambayo yamewekwa kwenye kizimba cha wavu hadi nyigu watoke.

Msimu ujao kadi za Telenomus zitatundikwa kuanzia majani manne, sambamba na Trichogramma, bila kungoja mmea ufike magotini. Viwavijeshi wa kulelea sasa wako kwenye kizazi cha tatu, vikombe vimejaa rafu mbili, na kijana mmoja zaidi amejiunga na zamu ya asubuhi.